Ona, Tazama, Talii: Historia ya Maneno ya Macho kutoka Shanzu

Shanzu iko upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, katika Kisauni, kusini ya mkono wa bahari wa Mtwapa. Katika eneo hilo lisilo kubwa mna hoteli za ufuoni, mna chuo cha ualimu kinachoandaa walimu wa shule za msingi, mna gereza la Shimo la Tewa, na jirani na gereza hilo mna mahakama ambamo mwaka 2010 ulifunguliwa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ukumbi wenye ulinzi mkali wa kusikilizia kesi za uharamia wa baharini. Mgeni wa hotelini huitwa mtalii. Mwanachuo hufundishwa kutekeleza mtaala. Anayesimama kizimbani kueleza yaliyotukia huitwa shahidi. Maneno matatu haya, yanayotamkwa kila siku katika eneo moja, yanahusu tendo moja, nalo ni kuona. Yote asili yake ni Kiarabu. Na wala hakuna hata moja lililozaliwa na kitenzi ona, ambacho ndicho kitenzi cha kwanza cha macho katika Kiswahili na katika lugha za Kimijikenda zinazozungumzwa kandokando yake.

Hali hii si ya Shanzu peke yake, ila pale Shanzu inajitokeza wazi zaidi kwa sababu taasisi zenyewe zimekaribiana. Makala haya yanachunguza jinsi maneno ya kuona yalivyogawana kazi katika Kiswahili, na hasa jinsi mgawanyo huo ulivyoingia katika istilahi za uhakiki wa fasihi. Inadaiwa hapa kwamba mhakiki anaposema nadharia, mandhari, mtazamo au maoni huwa amekwisha kuchagua, pengine bila kujua, namna moja ya kuona na kuiacha nyingine.

1. Ona

Katika isimu linganishi ya lugha za Kibantu, kitenzi hiki hurejeshwa kwenye mzizi *-bon-. Uthibitisho wake umetapakaa bara zima kusini mwa ikweta. Wazulu na Wasotho husema bona, Wanyarwanda kubona, Walingala komona, ambapo sauti ya mdomo imegeuka kuwa m. Wagikuyu na Wakamba, kama Waswahili na Wamijikenda, wameiangusha kabisa sauti ya mwanzo. Si Wabantu wote walioutunza mzizi huu: Waganda, kwa mfano, husema kulaba. Hata hivyo ni miongoni mwa mizizi iliyodumu sana.

Kudondoka kwa b katika Kiswahili si jambo la kubahatisha. Mzulu husema bola pale ambapo Mswahili husema oza; husema abantu pale ambapo Mswahili husema watu. Palipokuwa na b iliyosimama peke yake mbele ya irabu, Kiswahili kiliilegeza ikawa w au kikaitupa. Lakini b iliyotanguliwa na nazali ilisalimika, na ndiyo maana husemwa watu wawili lakini vitu viwili vya ngeli nyingine huwa mbili. Kwa kanuni hiyohiyo Kiswahili kimehifadhi umbo kongwe la kitenzi chake cha kuona mahali ambapo wengi hawatazamii kulikuta, yaani ndani ya jicho lenyewe: mboni. Mboni ya jicho ni ile inayoona, na b yake ni ileile iliyopotea katika ona. Athari nyingine ya sauti hiyo imo katika lugha ya ushairi wa kale wa Mombasa na Lamu, ambamo wakati timilifu wa ona ni -wene, kama katika niwene kwa maana ya nimeona. Msomaji wa leo anayekutana na umbo hilo katika tungo za karne ya 19 hudhani ni neno jingine, kumbe ni kitenzi kilekile kilichoshikilia w yake.

Kuhusu maana, jambo la kwanza la kuzingatiwa ni kwamba ona si kitenzi cha macho tu. Mtu huona njaa, huona kiu, huona baridi, huona haya, huona uchungu, huona fahari. Mgonjwa huulizwa waonaje, naye hujibu juu ya mwili wake wote wala si juu ya macho. Katika matumizi haya mwenye kuona si mtendaji kwa maana kamili. Jambo humjia, naye hulipokea. Baridi haitafutwi kwa macho. Humfika mtu, naye akasema ameiona. Kwa hiyo ingekuwa kosa kuanza na maana ya jicho halafu kuzihesabu hizo nyingine kuwa ni sitiari zilizozaliwa baadaye. Yaelekea zaidi kwamba kiini cha kitenzi ni kufikiwa na jambo, na kwamba jicho ni mlango mmojawapo tu.

Viambishi vinapoongezwa, historia ya kijamii ya kitenzi hufunuka. Onana ni kukutana: wanaoagana husema tutaonana, na katika tamko hilo kila mmoja ni mwenye kuona na mwenye kuonwa kwa wakati mmoja. Wazulu wameliweka wazo la jirani na hilo katika salamu yenyewe, sawubona, ambayo hutamka kwamba aliyefika ameonwa. Onya, ambayo imeundwa kama ponya kutokana na pona, asili yake ni kumfanya mtu aone. Anayeonywa huoneshwa hatari kabla haijamfika. Onelea ni kutoa shauri. Maoni ni mawazo ya mtu.

Halafu kuna onea. Kitenzi hiki kinastahili kukaliwa kitako kuliko vingine, kwani sarufi yake ina jambo ambalo kamusi hulipita haraka. Kikiwa na shamirisho mbili, onea hubeba hisia yoyote inayotajwa: humwonea huruma, humwonea wivu, humwonea haya, humwonea fahari. Hisia inaweza kuwa njema au mbaya. Lakini shamirisho ya pili ikiondolewa, mlango wa huruma hufungwa. Amemwonea, bila zaidi, ni amemdhulumu. Na nomino yake ni uonevu. Lugha imeamua kwamba mtu anapomwelekezea mwenzake kuona, na isitajwe hisia iliyomsukuma, basi kilichopo ni nguvu ya mmoja juu ya mwingine. Uamuzi huo haukupitishwa na baraza lolote la istilahi. Ulifikiwa na wasemaji, vizazi kwa vizazi, nao ni uchambuzi wa kijamii ambao wanadharia wa karne ya 20 waliojadili nguvu ya jicho la mwenye mamlaka waliufikia kwa njia ndefu.

Tabia ya mwisho ya ona ambayo yafaa itajwe inahusu njeo. Naona mvua itanyesha ni kukisia. Nimeona mvua ikinyesha ni kuthibitisha. Kitenzi ni kimoja, lakini katika wakati uliopo hupunguza uzito wa kauli, na katika wakati uliopita au timilifu huuongeza. Maoni yametokana na upande wa kwanza. Kwa upande wa pili, ule wa uthibitisho, Kiswahili hakikuunda nomino kutokana na ona; kilikwenda kuazima.

2. Walioazimwa

Mawasiliano ya karne nyingi na ulimwengu wa Kiislamu yaliipa pwani msamiati wa elimu, sheria na dini. Inapochunguzwa orodha ya maneno hayo, hushangaza ni mangapi kati yake ambayo katika Kiarabu yalikuwa ya macho. Rai yatoka katika mzizi wenye maana ya kuona, sawasawa na maoni. Mswahili anaposema rai na maoni kwa pamoja husema jambo moja kwa lugha mbili. Kutokana na mzizi huohuo ni ria, yaani unafiki, ambao ni kutenda ili uonekane. Busara ni ya mzizi wa uoni: mwenye busara ni mwenye kupenyeza jicho. Shahidi, ushahidi na kushuhudia ni za mzizi wa kuhudhuria na kuona kwa macho; na shahada, iwe ni ile ya imani au ile inayotolewa na chuo kikuu, kwa asili ni tamko la aliyehudhuria. (Wapo wanaofuzu shahada zao bila kuhudhuria sana, lakini hilo ni suala la etimolojia nyingine.)

Mzizi wa kutazama, ule wa nadhari, umekipa Kiswahili maneno mawili ambayo uhakiki hauwezi kuenda bila hayo. La kwanza ni nadharia. La pili ni mandhari. Katika Kiarabu yote mawili ni watoto wa kitenzi kimoja: mandhari ni kinachotazamwa, na nadharia ni utazamaji uliogeuzwa kuwa mfumo wa fikra. Katika madarasa ya fasihi mwanafunzi hufundishwa mandhari kama kipengele cha riwaya na nadharia kama chombo cha kuichambulia, na ni nadra kuambiwa kwamba maneno hayo yalitoka tumbo moja.

Mzizi wa talii ndio wenye historia ya kupendeza zaidi. Katika Kiarabu ni kuchungulia jambo, kulipitia kwa macho, na hasa kusoma. Wanazuoni wa pwani waliposema kutaali kitabu walikuwa na maana ya kukisoma kwa makini, na mtaala ulikuwa ni usomaji wenyewe. Kutoka hapo neno lilifuata njia mbili. Njia moja ilikwenda shuleni: mtaala ukawa mpango wa masomo, na leo ndilo jina rasmi la kile ambacho wanachuo wa Shanzu wanafunzwa kukifundisha. Njia nyingine ilikwenda ufuoni: talii ikawa ni kusafiri ili kuona na kujifunza, kisha kusafiri ili kuona, kisha, kadiri biashara ilivyokua, kusafiri ili kustarehe. Kenya ilipofungua Chuo cha Utalii jijini Nairobi mwaka 1975, maana hiyo ya mwisho ilikuwa imekwisha kupata jengo lake. Hivyo mwanachuo wa ualimu na mgeni wa hoteli, ambao huko Shanzu hupishana kwenye barabara moja, wanaitwa kwa majina ya ukoo mmoja. Mmoja anapitia kitabu, mwingine anaipitia nchi kana kwamba ni kitabu.

Kana kwamba ni kitabu, kwa hakika, na mara nyingine kitabu chenyewe huandikwa kwa ajili yake. Hoteli ya Serena iliyoko Shanzu imesanifiwa kwa mfano wa mji wa kale wa Waswahili, kwa vichochoro na milango ya nakshi. Mtalii hutazama mandhari iliyotengenezwa ili itazamwe. Mombasa yenyewe, iliyo umbali wa kilomita chache tu, ina vichochoro vya kuishi watu, ambamo methali ya macho hayana pazia husemwa kwa nusu ya lawama na nusu ya kusamehe. Katika mji wa kweli jicho la mpita njia huonana na jicho lililo dirishani. Katika mji wa mfano hakuna aliye dirishani.

3. Kamusi na mipaka yake

Historia ya kuandikwa kwa maneno haya ilianzia jirani sana na Shanzu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo mkewe alifariki akazikwa upande wa bara ya kaskazini. Miaka miwili baadaye Krapf alihamia Rabai, akaanza kukusanya maneno ya Kiswahili na ya lugha za Kimijikenda. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, nayo ilisimama juu ya Kimvita. William Ernest Taylor, aliyefuata nyayo zake na ambaye ndiye aliyeshughulika kuzikusanya tungo za Muyaka bin Haji, alichapisha mwaka 1891 msamiati wa Kigiriama. Wakati huohuo, huko Unguja, Edward Steere alikuwa ameandika kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikata shauri kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa usanifishaji. Ni kinaya kwamba Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilitekeleza uamuzi huo, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikautia muhuri.

Kwa maneno ya kuona, athari ya usanifishaji haikuwa katika ona, ambayo ni ya wote, bali katika kukata uhusiano wake na jirani zake. Msemaji wa Kigiriama au wa Kijibana aliyeko Shanzu ana kitenzi lola kwa kutazama, na ona kwa kuona. Lola si neno la kienyeji dogo; limo pia katika Kiyao na Kimakonde, mamia ya kilomita kusini. Lakini kwa kuwa halikuingia katika lugha sanifu, mtoto wa Kimijikenda hujifunza shuleni tazama na angalia kana kwamba kabla ya hapo hakuwa na jicho la kuelekeza. Angalia yenyewe huhusishwa na anga na mwanga, yaani kukimulikia kitu. Na hilo lina mantiki yake, kwani anayeangalia ndiye anayepeleka nuru, ilhali anayeona hupokea.

Tofauti hii ya kupeleka na kupokea ndiyo iliyotawala uundaji wa istilahi. Uhakiki wa Kiswahili ulipoanza kuwa taaluma ya chuo kikuu katika miaka ya 1970, kulikuwa na nafasi ya kuujenga juu ya upokeaji. T.S.Y. Sengo na S.D. Kiango waliiita kazi yao ya mwaka 1973 Hisi Zetu, na jina hilo, japokuwa neno hisi nalo ni la kuazima, lilikuwa karibu na ona kuliko na tazama: fasihi ni inayotufika. Baada ya hapo mkondo uligeuka. Vitabu vya kufundishia vilivyoenea Kenya, kama Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999) na Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia ya K.W. Wamitila (2003), viliweka nadharia jaladani. Haikuwa hila ya mtu. Taaluma yenyewe, duniani kote, ilikuwa imeelekea huko. Lakini matokeo yake ni kwamba msamiati wa mhakiki umekuwa karibu wote wa mtazamaji: mtazamo, nadharia, mandhari, uchunguzi. Kutokana na ona yamebaki maoni, ambayo mwalimu huyasahihisha kwa wino mwekundu akidai ushahidi.

4. Mwananadharia na mtalii

Hapa yafaa kutoka pwani kidogo na kurejea Ugiriki, kwa kuwa nadharia ni tafsiri ya neno lililozaliwa huko. Theoria, kabla ya kuwa neno la falsafa, lilikuwa ni neno la safari. Mji ulikuwa na desturi ya kuwatuma wajumbe kwenda kuhudhuria michezo na sherehe takatifu za miji mingine, au kupokea utabiri, kisha warudi kueleza waliyoyaona. Mjumbe huyo ndiye aliyeitwa theoros. Herodotus anasimulia kwamba Solon, baada ya kuwatungia watu wa Athens sheria, aliondoka mjini kwa miaka kumi akitoa sababu kwamba anakwenda kuiona dunia, na neno analolitumia kwa safari hiyo ni hilohilo, theoria. Baadaye Plato na Aristotle walilihamisha kutoka barabarani hadi akilini.

Ikiwa ni hivyo, Kiswahili kinapokuwa na nadharia upande mmoja na utalii upande mwingine, kimetenganisha kwa maneno mawili kile ambacho Kigiriki kilikisema kwa moja. Mwananadharia na mtalii ni ndugu. Wote wawili hutoka kwao, wote hufika pasipo pao, wote hutazama bila kutakiwa washiriki, na wote hurudi kusimulia. Ukoo huu si wa kumwaibisha mwananadharia. Mtu anayekuja kutoka mbali huona mengine ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Krapf alikuwa mtalii kwa maana hii ya kale, na bila masikio yake mengi ya Kimvita cha wakati wake yangalipotea. Lakini ukoo huo huleta swali ambalo uhakiki wa Kiswahili umelikwepa: nadharia iliyosafiri kutoka Urusi, Ufaransa au Marekani hadi riwaya ya Kiswahili, inapomaliza kutazama, hurudi wapi, na humsimulia nani?

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kurudi kwenye ona, kwamba kuna namna ya Kibantu ya kujua kwa kufikiwa na jambo, na kwamba uhakiki ujengwe juu yake. Jibu hilo lina mvuto, lakini linasahau onea. Mzizi uliotoa onana ndio uliotoa uonevu. Aidha linasahau kwamba naona ni kitenzi cha kukisia, na kwamba msemaji wa pwani alipohitaji uthibitisho aliona ni afadhali aazime shahidi. Waliounda msamiati huu hawakuwa watu wa mzizi mmoja. Mwandamo wa mwezi wa Ramadhani, kwa mfano, huhitaji yote mawili: mwezi sharti uonekane, na aliyeuona sharti ashuhudie. Kuona bila kushuhudia hakuwafungulii wengine saumu, na kushuhudia bila kuona ni uongo.

5. Walioona na aliyesimulia

Fasihi ya Kiswahili ina kazi moja ambayo imeyakusanya maneno haya yote katika kisa kimoja, nayo ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Kwa kawaida husomwa kama istiari ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi. Ukisomwa kama kisa cha kuona, hata hivyo, hujitokeza jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha. Nchi yenyewe iko angani, yaani haionekani. Jina lake lataka isadikiwe badala ya kuonwa. Wajumbe sita walitumwa pande mbalimbali kwenda kuona jinsi nchi nyingine zinavyoishi na kurudi na yenye manufaa. Hao ni watalii kwa maana ya kale kabisa ya neno, na ni theoroi kwa maana ya Kigiriki. Waliporudi kusimulia waliyoyaona, walifungwa. Walioona wakaonewa. Kiswahili hakihitaji maelezo zaidi ya tofauti ya irabu moja.

Anayezileta habari zao barazani ni Karama, ambaye anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Kwa siku kadhaa anajitetea kwa kusimulia safari za wale sita, moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe hakusafiri. Hakuziona nchi anazozisimulia. Mahakama ya kawaida, kama ile ya Shanzu iliyofunguliwa ili wanamaji na mabaharia waeleze yaliyowafika baharini, isingelikubali masimulizi yake kuwa ushahidi. Hakimu angelimwambia awalete wenyewe. Na hapo ndipo penye ukali wa hadithi, kwani wenyewe wamo gerezani, wamefungwa kwa sababu waliona. Waziri Majivuno, mshtaki wake, anafahamu hivyo. Njia pekee ya yaliyoonwa kufika barazani ni mtu ambaye hakuyaona, na baraza linamsikiliza hadi mwisho, na mfalme anamwachilia yeye na wale sita pamoja naye.

Wahakiki wameuliza kama mwisho huo ni wa matumaini kupita kiasi. Inawezekana. Ila kabla ya kuuhukumu yafaa kuangaliwa ni nani anayesemewa na nani, kwani wajumbe wanapotoka kifungoni Shaaban Robert hawapi nafasi ya kusimulia upya kwa vinywa vyao. Wanatoka, na habari zao zimekwisha kusemwa na mwingine.